Ntinyari Aliponyamaza Katikati ya Maombi

Kwenye vijiji vya juu ya Laare, ukitaka harusi yako ianze vizuri au maziko ya mtu wako yaishe kwa heshima, ulimwita Ntinyari aombe. Hakuwa mchungaji wala mzee wa kanisa. Alikuwa mjane aliyefunga miraa kwa majani ya migomba tangu usichana wake, lakini akishasema tu "Baba wa huruma," hata vijana wa bodaboda walizima injini. Na alimtaja kila mtu kwa jina: aliyelazwa hospitali ya Maua, anayefanya mtihani, mpaka ng'ombe wa jirani aliyekawia kuzaa. Watu walipenda kutajwa. Nani hapendi?

Kisha akafa mzee Kailemia. Ntinyari akaomba kandoni mwa kaburi, sauti yake ileile, na alipofika kwa mjane, Angeline, akamwombea Kailemia badala yake. Akamwombea afya njema na miaka mingi ya kula matunda ya shamba lake. Kuna mtu alicheka, Mungu amsamehe. Angeline akaangua kilio upya. Ntinyari hakuelewa kosa lake mpaka alipofumbua macho na kuona watu wanatazama viatu vyao.

Tangu siku hiyo akawa anakaa benchi la nyuma kanisani, karibu na mlango, na kuondoka kabla ya maombi ya kufunga ibada. Nyumbani aliunguza maziwa. Alisimama jikoni asijue amefuata nini. Mama yake mzazi alikufa hawatambui wanawe, na Ntinyari sasa alijichunga mwenyewe saa zote kama mtu anayemchunga mwizi. Kwa kujichunga hivyo, akasahau zaidi.

Lililomtisha kuliko yote ni harusi. Mutuma, mwanawe, alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza, na binti huyo, kama desturi ilivyo, alipewa jina la nyanya yake. Mutuma mwenyewe humwita bintiye "mama." Siku ya kutoka nyumbani, nani angembariki bibi harusi kama si aliyempa jina? Ntinyari akasema mchungaji aombe.

"Basi na mimi siendi popote," msichana akamjibu. "Nitazeekea hapa na wewe, shosho."

Alipokwenda kupimwa presha, nesi Halimo, binti wa wafanyabiashara Wasomali wa Maua, alimwambia abaki na wazee wengine kwenye kivuli cha zahanati. Hapo walifundishwa kukaa kimya, macho yamefumbwa, na kufuata pumzi yao tu. Mawazo yakitoroka, unayarudisha bila kujigombeza.

Kumbe ni kazi ngumu! Huku kwetu watu wakifumba macho pamoja, lazima mmoja aombe kwa sauti. Ukimya haujakaa vizuri, mzee Muthamia akaanza kumshukuru Mungu kwa mvua. Wakaanza upya. Safari hii akina mama wakaitikia "Amina" kabla hata mtu hajasema neno. Halimo akacheka mpaka akashika ukuta.

Muthamia hakufurahi. "Sista, sema ukweli. Hii ni sala ya Kiislamu unatuingiza polepole?"

"Mzee, sisi tukisali hatufumbi macho," Halimo akasema. "Hii ni ya kutuliza kichwa tu. Mungu wako utamwomba ukifika kwako."

Ntinyari alibaki nyuma wenzake walipoondoka. "Sista, hii itanirudishia majina?"

"Siwezi kukudanganya, mama. Mengine hayatarudi. Lakini hii hofu yako inakuibia mengi kuliko uzee. Hiyo tunaweza kuipunguza."

Jibu lile lilimuuma, na hata hivyo alirudi. Akawa anafanya zoezi lake akifunga miraa: ubaridi wa jani, kamba ikikaza, pumzi. Maziwa yakaacha kuungua, mara nyingi. Siku nyingine alimwita Mutuma kwa jina la marehemu baba yake, akasimama, akapumua, akajirekebisha bila kulia. Mwishowe akamwambia msichana, "Nitaomba. Nikiharibu, tumeharibu pamoja."

Siku ikafika, ua umejaa, wakwe wametoka mbali, huko Kanja, Embu. Ntinyari akawafumbisha watu macho. Akashukuru. Akamtaja bwana harusi, Muriuki, akawataja wazazi wake, sauti ikiwa ileile ya zamani. Akaweka kiganja chake kifuani pa bibi harusi, akafungua kinywa amtaje. Hapakuwa na kitu.

Ukimya ukarefuka. Mutuma akakohoa. Mchungaji akavuta pumzi amwokoe, na Ntinyari, macho bado yamefumbwa, akainua mkono kumzuia. Akasikia viatu vipya vinavyombana. Akasikia kifua cha msichana kikipanda na kushuka chini ya kiganja chake. Hofu ilikuja, akaiacha ikae. Jina halikuja.

Basi akafanya jambo ambalo hakuna anayelifanya huku kabla ya amina. Akafumbua macho.

"Mama," akamwambia mbele ya watu wote, "jina lako limenitoka. Niambie."

Msichana alikuwa analia. "Ni Ntinyari, shosho. Ni jina lako."

Hakuna aliyecheka. Shosho yake akatikisa kichwa, akafumba macho tena.

"Baba wa huruma, umesikia. Nimesahau mpaka jina langu mwenyewe, lakini huyu amelibeba. Mpe maisha marefu, ili siku nitakapokuwa simjui tena, yeye awe bado ananijua mimi."

Amina ilichelewa kidogo, maana watu wengi walikuwa wanatafuta leso.