Meli ya Mizigo Niliyoisifia Ukweni

Mwezi uliopita nilikuwa intaneti kafe hapa Dodoma na rafiki yangu Festo, tukijadili kama meli ya mizigo niliyoitamani inafaa kununuliwa.

"Inabeba sana, ila ni nzito," akasema Festo. "Maharamia wakikufuata huponi."

Nyuma yetu alikaa Mzee Salimu, mfanyabiashara wa Kondoa, baba wa Zaina ninayetaka kumuoa. Nikamwamkia.

"Kumbe una mpango wa meli?" akauliza.

Ningeweza kumwambia ni chombo cha angani, cha kwenye mchezo wa kompyuta. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama kwa heshima. Nikajibu, "Bado naichunguza, mzee."

Nilipokwenda kuposa, Festo akinisindikiza, nikamkuta Mzee Salimu na shemeji yake, ambaye anafanya kazi bandarini Dar es Salaam. Yule shemeji akaniuliza kuhusu injini, nikaeleza. Kuhusu maharamia nikaeleza zaidi.

"Na sasa hivi imetia nanga wapi?" akauliza shemeji.

Nikakosa jina la bandari. Festo akaona anisaidie.

"Iko karibu na sayari ya Zohali," akasema, "lakini kompyuta ikiwa nzuri inafika Mirihi mara moja."

Mzee Salimu akaweka kikombe chini, akanitazama mimi, si Festo.