Babu Aliyekuja Mgongoni

Aliyetunyang'anya shamba la baba ni baba yangu mdogo. Nasema wazi, maana hapa Bellevue, Johannesburg, watu wa kanisa letu hupenda kusema vita ndivyo vilivyotuharibia. Vita vilichoma nyumba. Shamba alichukua yeye, vita vilipopoa, akamwachia mwanawe, ndipo akaja kukaa Turffontein, mji huu huu.

Yeye ni mtoto wa mdogo wake babu. Wimbo wake ni mmoja: babu yangu hakuzaliwa kwenye ukoo, alikuja mgongoni mwa mama yake siku mama anaolewa. Kwa hiyo sisi si damu yao.

Mwaka 2017 binti yangu, niliyemzaa bila kuolewa, akapata mchumba. Kwetu mama hapokei mahari. Wanaokaa vitini ni wanaume wa ukoo wa baba yake. Wangu waliokuwa Johannesburg ni baba mdogo na wazee wanaomfuata. Nikampigia simu.

"Kule nyumbani, kwenye ofisi ya teritwari, ile ya wilaya, kuna kadi za sensa za enzi ya Wabelgiji," akasema. "Nionyeshe babu yako chini ya jina la babu yangu, nitakuja na suti."

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Dada yangu aliyebaki kijijini kwetu ndiye aliyeenda. Karani alimzungusha sana, mwishowe dada akapiga picha ya kadi ya babu wa baba mdogo, akaituma kwenye grupu la familia. Watoto walioandikwa ni wasichana wanne. Babu hayumo. Mimi ni fundi cherehani; siku hiyo nilishona mkono wa shati ndani nje.

"Mgongoni! Si nilisema?" baba mdogo akaandika, na vile vichwa vya kucheka vya kwenye simu.

Dada yangu akamsomea kadi ile dada wa mwisho wa babu, bibi kizee ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Ndiyo, ni sisi wasichana," bibi akasema. "Wavulana waliazimwa. Tafuteni kwa mjomba."

Wakati ule mwanamume mwenye watoto wanne alisamehewa kodi ya kichwa. Baba yao alikuwa na sita, shemeji yake, yaani mjomba wa watoto, wawili. Sensa ilipokuja, wavulana walipelekwa kwa mjomba wakaandikwa wanawe. Dada akarudi ofisini. Kwenye kadi ya mjomba walikuwepo wawili wake, halafu babu yangu, na chini yake mdogo wake: baba mzazi wa baba mdogo.

Jumapili nikaipeleka picha ya kadi hiyo Turffontein, wazee wakiwa wamekaa. Baba mdogo akavaa miwani.

"Haya ni mambo ya kodi. Baba yangu aliazimwa tu."

"Na babu yangu je?"

Mzee mmoja akapiga goti lake. "Eish, ndugu yetu, kumbe hata wewe ni wa mgongoni!"

Kweli yenyewe, kadi haikusema babu alizaliwa wapi, na bibi alizaliwa nyuma yake. Huenda alikuja mgongoni kweli. Sikuwaambia.

Siku ya mahari baba mdogo alikuja na suti. Mbele ya wakwe akasema, "Huyu ni binti yetu, damu yetu." Nikamwomba arudie, wazee wa nyuma hawakusikia. Akarudia.

Alipomaliza kula nikamuuliza: kwa kuwa sisi ni damu, shamba la baba yangu, mwanao atalirudisha lini?

Akaomba aitiwe teksi.