Mashua Iliyopita Kwenye Mafuta

Nakumbuka asubuhi moja ya maji kupwa kule Moa, mwanangu. Nilikuwa na mzigo wa makuti makavu kichwani, namfuata kaka yangu Salehe ufukweni, anakwenda kuchoma mashua yake. Wewe umekulia Raskazone, hukuyaona haya, basi nikueleze. Mbao ikikaa majini huingiwa na wadudu wanaoitoboa. Kwa hiyo bahari ikipwa sana, watu hukiegemeza chombo kwenye magogo, wakawasha makuti na kuyapitisha chini ya tumbo lake upesi upesi, wadudu wafe na mbao isiungue. Mimi niliupenda sana moshi ule. Hata leo nikiusikia popote, naliona tabasamu la kaka yangu.

Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni tuliipangia foleni, na mafuta ya taa yalivushwa kwa kificho kutoka ng'ambo ya mpaka, kule Horohoro. Mashua ya Salehe ndiyo iliyotulisha sote: mama, mkewe, watoto wake na mimi. Hatukuwa na kingine.

Siku chache kabla ya hapo, meli moja ilikuwa imepanda mwamba na kumwaga mafuta baharini. Mwenyekiti wa kijiji alipita akitangaza chombo chochote kisitoke, lakini Salehe alikuwa ameshaondoka alfajiri. Huko aliona mahali maji yametulia, yanang'aa rangi rangi. Akadhani ni shwari tu, akakata katikati afike haraka. Harufu ikampanda kichwani, macho yakamwasha, akatapika. Salehe alikuwa mvutaji hasa, na kilichomwokoa ni kwamba sigara zilikuwa zimeadimika madukani, la sivyo angewasha moja palepale juu ya mafuta. Alipotusimulia alicheka, nasi tukacheka naye. Hatukujua tunachokicheka.

Basi asubuhi ile tumbo la mashua lilikuwa jeusi, linanata. Salehe akasema moto utausafisha na weusi huo. Nilikuwa nimeshatua makuti, naye anafungua kiberiti, mama akatokea. Hakutusalimia. Alipanda mashuani taratibu, akaketi, akajifunika kanga kichwani.

"Mama, shuka," Salehe akamwambia. "Maji yatarudi."

"Washa tu, baba. Mimi nimechoka, napumzika."

Jirani mmoja aliyekuwa akishona wavu akamtania Salehe kwamba leo amepata nahodha mpya. Salehe hakucheka. Akamweleza mama kwa upole kwamba asipokichoma, wadudu watakila chombo, na chombo kikiliwa watoto watalala na njaa. Hapo mama akafungua upindo wa kanga, akatoa kipande cha kitambaa kilichoungua. Ilikuwa kola ya shati.

"Hili ndilo shati ulilorudi nalo," akasema. "Nililianika karibu na jiko, ikaruka cheche moja. Sikuwahi hata kufika kwenye mtungi. Sasa zile pamba ulizozishindilia kati ya mbao maji yasiingie, Salehe, zimekunywa mafuta kiasi gani?"

Kaka yangu aliitazama ile kola, kisha akayatazama makuti, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama katikati. Akakirudisha kiberiti kwenye upindo wa msuli aliouvaa. Akamnyooshea mama mkono ashuke.

Mashua ile tuliisugua kwa mchanga, majivu na makumbi ya nazi, mikono tumeifunga matambara, na uchafu wote tukaufukia mbali na maji. Haikurudi baharini mpaka mwenyekiti alipotoa ruhusa. Tulikula mihogo mitupu, na wadudu wakatoboa ubao mmoja, fundi akauweka mwingine. Lakini miaka ya baadaye, biashara zilipofunguliwa na maduka yakajaa vitu vya kila rangi, mashua ilikuwa bado inavua, na Salehe bado anaivuta sigara yake, mkaidi yule, ila ufukweni.

Mwanangu, sasa unakwenda kuanza kazi ya boti, na nimefurahi kwa ajili yako. Ukisikia mafuta yamemwagika, usitoke mpaka waliopewa kazi ya kuyakagua waseme maji yamefaa. Yakikukuta uko huko huko, usiyapite. Yazunguke kwa mbali, ukae upande upepo unakotoka, usije ukaivuta ile harufu. Usiwashe kiberiti, na samaki wa maji yale usimletee mtu nyumbani. Ukifika nchi kavu, usiseme yamekwisha, maana mafuta hurudi nawe kwenye mbao, kwenye kamba, kwenye nguo. Yasafishe kwanza, mbali na moto, ndipo uendelee na desturi zako. Na atakayekuzuia usimwone mwoga. Muulize ameona nini.

Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali, akukinge na yaliyo juu ya maji na yaliyo chini yake, na kila utokapo akurudishe kwa wanaokungoja. Amina, mwanangu.