Kadi Nilizozitoa Kwenye Boksi

Wiki ile sikukaa kitako. Nilikuwa karani wa uchunguzi wa dawa ya kichocho pale Kilosa, na daktari wetu, mama wa makamo aliyesomea ng'ambo, alikuwa Mikumi akimalizia vijiji vya huko. Alhamisi angerudi kuchukua hesabu yangu. Nilikuwa nimeshaifanya, nikairudia, na kila nilipoirudia ilinitia hasira. Nainuka, natoka hadi barabarani, naagiza chai nisiyoitaka, naiacha nusu, narudi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Kila mgonjwa aliyekubali alichagua bahasha moja kati ya nyingi zilizofanana, akaifungua, ndani akakuta kikaratasi chekundu au cheupe. Chekundu, anapewa kopo la dawa mpya; cheupe, kopo la dawa ya zamani. Hakuna aliyejua litatoka lipi, si mimi wala daktari. Anakwenda kumeza nyumbani kwa wiki tatu, kisha tunapima mkojo wake kwa darubini kuona kama mayai ya kichocho bado yamo. Kila mtu alikuwa na kadi yake, na kadi zilikaa katika maboksi mawili, jekundu na jeupe.

Nilitaka dawa mpya ishinde, sifichi. Nimekulia Tindiga, kwenye majaruba ya mpunga, ambako mtoto akikojoa damu watu hawashtuki. Mama mdogo, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, alikuwa na ugonjwa huo tangu nikiwa na akili za kitoto. Siku alipotoa kikaratasi chekundu nilitabasamu hadi daktari akanikazia macho.

Sasa hesabu ilikuwa inasema dawa mpya haikuizidi ya zamani kwa lolote la maana. Nikazipitia kadi moja moja. Kwenye boksi jekundu nyingi zilikuwa na neno "hakumaliza", na ya mama mdogo ilikuwamo. Nikawaka. Mtu hajameza dawa, mayai yatatokaje? Wao wazembee, dawa ndiyo ibebe lawama? Nikazitoa zote, nikazitia kwenye boksi la viatu, nikalisukuma chini ya meza. Nikapiga hesabu upya, na dawa mpya ikaibwaga ya zamani chali.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikawa kama niliyekalia siafu. Mara nalitazama lile boksi la viatu, mara nalifunika na gunia, mara nalifunua.

Alhamisi daktari aliingia na vumbi la Mikumi kwenye viatu. Hakuitazama hesabu. Alianza kwa kuhesabu kadi.

"Ndugu karani, hizi nyekundu zimepungua."

"Nimetoa za wasiomeza, daktari. Wangetuharibia."

"Wangetuharibia nini?"

Nikamsogezea hesabu yangu mpya. Akavuta kiti akakaa, hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Bahasha ziliwagawa watu bila upendeleo," alisema. "Wagonjwa sana na wagonjwa kidogo, wenye subira na wasio nayo, wote wakaenda pande zote mbili. Ukiwatoa wasiomeza, unabaki na wale ambao dawa imewakubali, halafu unatangaza kwamba dawa inawakubali watu. Kila mtu ahesabiwe pale alipowekwa na bahasha. Ameze, asimeze."

"Hata ambaye hakuonja kidonge?"

"Hata huyo. Tukiipeleka dawa hii Tindiga nzima, watu kama yeye hawatakuwepo? Hesabu ya waliomeza tutaifanya pia, tuiweke pembeni. Haitatangulia." Kisha akauliza, "Uliwauliza kwa nini waliacha?"

Sikuwa nimemuuliza hata mmoja. Nikalitoa boksi la viatu chini ya meza, nikazirudisha kadi mbele yake. Dawa yangu ikashindwa palepale. Daktari akaniambia kesho nianze kuzunguka kwa wagonjwa, niandike sababu.

Ijumaa asubuhi nilipanda baiskeli, nikaenda moja kwa moja kwa mama mdogo. Alikuwa ameshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba yake ukuta kwa ukuta na ya mzee mmoja wa Kinyamwezi, mtani wetu, mwenye ruhusa ya kuchukua cha kwetu bila kuulizwa, aliyewahi kukata mkonge enzi za mashamba ya wazungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umevimba?"

Nikamuuliza habari za kopo bila hata kukaa.

"Mtani alilichukua," alisema, akicheka. "Aliliona dirishani, akalitia kwapani, akaenda zake. Ningemwambia nini? Mtani huyo."

Nilitaka kupiga kelele. Dawa ya serikali, watu wanaifanyia utani! Na mzee mwenyewe alikuwa wa kikaratasi cheupe. "Kwa hiyo hukumeza kabisa?"

"Nilimeza siku nne." Kicheko kikamwisha. "Zilinitapisha. Nilikuwa nasimama jarubani, nashikilia mpini wa jembe, dunia inazunguka. Alipolichukua kopo nilishukuru Mungu."

"Mbona hukuniambia?"

"Siku ile ulifurahi sana, mwanangu. Nikaona haya."

Nikasema nikalichukue kopo kwa mzee. Akanyoosha kidole ndani, na kumbe kopo lilikuwa pale kwenye kichanja.

"Alilirudisha baada ya siku mbili, anatapika, kwa miguu yake mwenyewe. Wewe umewahi kuona mtani akirudisha kitu?"

Sikuwahi, wala sijaona tena mpaka leo. Nikakaa chini, nikatoa daftari, nikaandika alivyosema, neno kwa neno. Yeye hakujua kusoma. Aliifuata kalamu yangu kwa macho, na ilipofika mwisho wa mstari akauliza, kwa upole tu:

"Na kwenye ile kadi yangu ya huko kazini, uliniandika nini?"

"Umri na kijiji, mama. Basi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya. Kando ya "hakumaliza" nilikuwa nimeandika "mzembe", kwa wino, na chini yake nikatia sahihi yangu.