Tangi la Vioo Lililoyeyuka Mbele ya Wageni

Jumatano iliyopita, saa nane na nusu mchana, ndipo aibu yangu ilipoanza, na nyinyi mnaonijua mnajua kuitwa jina tu darasani hunitoa jasho, basi fikirini nilivyokuwa siku hiyo, nimepiga magoti mbele ya wazazi wa Voi nzima nikifukuza samaki.

Chanzo ni tangi la vioo la kufugia samaki. Meneja mmoja wa shamba la mkonge alikuwa anarudi kwao Ulaya, akauza vyombo vyake, na baba, ambaye ni karani pale, akaja nalo nyumbani ili mama aweke vifaranga. Nikaliomba. Fremu yake ya chuma ilikuwa imeoza kwa kutu, linavuja kila pembe, lakini nililitaka kwa sababu Mwalimu Mwakio wa shule yetu hapa Voi hakuwa akituruhusu wasichana kuingia somo la sayansi. Sisi ni kushona tu. Nilipomwambia nitalitengeneza alicheka. "Haya. Samaki wakiwa wazima mpaka wageni waondoke siku ya wazazi, mtaingia."

Likizo nikalipeleka kwa nyanya, Wundanyi. Nilisugua kutu kwa mchanga, vioo kwa majivu na ndimu mpaka vidole vikawaka, halafu nikaziba maungio kwa nta ya nyuki, kama sisi watu wa milimani tunavyoziba kibuyu kilichopasuka. Likakaa na maji likizo nzima bila kutoa hata tone. (Kule juu asubuhi tunavaa sweta, si kama Voi kwenye joto. Hilo sikulifikiria.)

Siku yenyewe meza yangu ilikuwa barazani, kivulini, na samaki alioniletea mjomba kutoka ziwa Jipe, ndani ya debe kwa treni ya Taveta, walionekana weusi kama matope. Nikasema moyoni, wacha niisogeze juani kidogo wang'ae. Ni hilo tu nililofanya.

Kwanza wakaja nyuki. Kisha harufu ya asali, hata padri, aliyeketi na wageni wa heshima mbele ya meza yangu, akamwambia mke wa Bwana DC, mkuu wa wilaya, "Nadhani leo tutaandaliwa asali." Kisha tone moja, nikalizuia kwa kidole, halafu kwa kiganja, halafu nikalikumbatia tangi lote kwa tumbo, na yule mama akaniuliza jina langu kwa upole nami nikashindwa kulikumbuka. Kioo cha mbele kikateleza polepole, bila kelele, maji yote yakaishia mapajani mwa yule mama.

Nikawaokota samaki nikawatia katika maji ya karibu, yaani jagi la wageni, nikakimbilia debe. Kurudi, padri alikuwa ameshajimiminia.

"Binti," akasema, ameinua bilauri, "huyu ni wako?"

"Ndiyo, Padri."

"Basi mchukue, nina kiu."

Wavulana hawakuwa na huruma. "Dada, tuliomba mvua, hatukuomba mafuriko." Mwingine akasema, "Rudini kwenye sindano zenu." Mwalimu Mwakio alinipa kisogo akaenda kumtafutia mke wa Bwana DC taulo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikaa kando ya debe mpaka gari la mwisho la wageni likaondoka, nikiwachungulia samaki. Walikuwa wanaogelea wote.

Nimejifunza kwamba kitu cha kutumika Voi kijaribiwe Voi, tena mchana. Nta sitaishika tena, labda iwe ya mshumaa.

Asubuhi iliyofuata wenzangu walipokwenda kushona, mimi nilibeba tangi langu mpaka darasa la sayansi, nikaliweka kwenye dawati la mbele na debe la samaki chini, nikatoa kisu nikaanza kukwangua nta. Wavulana walicheka mpaka wakachoka. Mwalimu akaingia, akasimama.

"Kushona ni chumba kile."

"Najua, Mwalimu." Nikalivuta debe karibu yake. "Lakini wageni waliondoka, na samaki wazima. Hawa hapa."

Akainama juu ya debe, akawahesabu mmoja mmoja. Kisha akachukua chaki.

"Kwangua bila kelele," akasema, akageukia ubao. "Na kesho waambie wenzako waje na kalamu."