Mkono wa Mke wa Mchoraji

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote hapa Doha, mwanangu, ni ile niliyomkata vidole viwili mwanamke aliyekufa zamani sana. Usishtuke. Vilikuwa vidole vya rangi, kwenye picha. Lakini ukisikia mambo yenyewe utaona kwa nini mpaka leo kujua hivyo hakunipi nafuu.

Nilikuwa kijana, sijamaliza hata mwaka tangu nitoke Tanga, nafanya kazi kwenye karakana ya fremu huko Muaither. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kato, Mganda, mtu mpole asiye na maneno mengi. Asubuhi hiyo aliniachia picha ya rangi za mafuta kutoka nyumba moja katika mji wa Umm Salal, niitengenezee fremu mpya. Ilikuwa ya mama wa Kizungu aliyevaa aproni, mkono mmoja juu ya meza. Mkono wenyewe ulikuwa mnene, mwekundu, viungo vimevimba. Nikacheka peke yangu, nikijisemea kwamba huyu mchoraji hakujua kuchora mikono.

Basi nikapima vibaya. Fremu ikatoka fupi, na ule ulikuwa ubao wa mwisho wa aina ile. Niliona aibu kusema. Nikachukua kisu, nikaipunguza picha upande wa ule mkono, vidole viwili vikaenda na kipande, nikaitia ndani ya fremu, ikakaa sawasawa.

Mzee Kato aliporudi aliitazama kwa muda, kisha akapitisha kidole pembeni.

"Umekata?"

"Kidogo tu, Mzee."

"Kidogo cha nani?"

Hakunipigia kelele. Alikiokota kile kipande kwenye takataka, akakipangusa, akakifunga kwenye gazeti, akasema twende Umm Salal, na kwamba tukifika yeye atanyamaza, wa kusema ni mimi.

Njia nzima nilikuwa nawaza tiketi ya kurudishwa nyumbani. Mwenye picha alikuwa mjane wa Kiqatari, mtu mzima, sote tukimwita Umm Jasim, yaani mama Jasim. Kwa Kiarabu changu cha kuungaunga nilimweleza yote, nikamwekea kipande mbele yake. Alikishika kiganjani. Halafu, badala ya kunifukuza, akaniambia nikae nisikie niliyemkata ni nani.

Mchoraji alikuwa Mjerumani wa karne ya kumi na tisa, mtoto wa fundi viatu. Alianza kwa kuchora nyuso za wateja wa baba yake kwa mkaa, kwenye mabaki ya ngozi, mpaka tajiri mmoja akampeleka mjini kusomea kazi hiyo. Alipokomaa, maafisa wa jeshi na wake za wafanyabiashara walisubiri zamu ya kuchorwa naye, kwa sababu alijua kuwapendezesha. Kidevu kilichoning'inia alikiinua. Mikono iliyozeeka aliilainisha. Kisha zikaja kamera, na wakubwa wale wakamwacha mmoja mmoja. Aliyeilisha nyumba tangu hapo ni mkewe, kwa kufua nguo za watu, na baridi ya kwao unaijua kwa kusikia tu.

Mke alipoanza kuugua kifua, mume akamwomba akae amchore. Mama wa watu akaificha mikono ndani ya aproni. Akasema, "Nichoree mikono ya wale mabibi zako." Mume akakataa. Alimbembeleza siku nyingi, mpaka akautoa mmoja na kuuweka mezani. Ndio mkono pekee ambao hakuulainisha, na picha hiyo hakukubali kuiuza mpaka anakufa. Mjukuu wake ndiye aliyekuja kuiuza, akamsimulia hayo yote marehemu mume wa Umm Jasim, aliyekwenda Ujerumani kutibiwa. Naye aliinunua kwa ajili ya ule mkono.

Mwanangu, nililia, na wala sikuwa nawaza tiketi tena.

Umm Jasim akaniambia, "Ungenyamaza, kipande hiki kingekuwa jalalani. Sasa kitarudi mahali pake."

Akaipeleka picha kwa mtaalamu, mkono ukaunganishwa, ingawa ukisogea karibu unauona mstari. Mwezi uliofuata alileta picha nyingine, akaomba niifanye mimi. Mzee Kato akanipa, na siku hiyo nilipima mara nne.

Basi nakuambia wazi, wewe unayeanza kazi katika mji huu wa ugenini. Utakosea. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna cha kuokota. Usikipunguze kitu cha mtu ili ufiche kosa lako. Usicheke usichojua kimepita wapi. Na hizo picha unazowatumia nyumbani, umesimama mbele ya majumba ya matajiri kule The Pearl kama yako, watumie na moja ukiwa na sare yako ya kazi, jasho na vyote. Mama yako anataka kukuona wewe.

Mungu akulindie hiyo mikono, mwanangu. Akukutanishe na watu watakaokusikiliza unaposema kweli, na akurudishe kwenu salama, wakupokee kama ulivyo.