Gari la Mafunzo na Mkono Wangu wa Kushoto

Kabla sijavuka ziwa kuja Tanzania niliambiwa, nami nikaamini kwa moyo wote, kwamba katika nchi hii mgeni anayetaka leseni hatakiwi kumpa mtu wa mambo ya magari kitu chochote kwa mkono wa kulia. Aliyeniambia alikuwa utingo wa malori, mtu wa kwetu Kongo, aliyewahi kufika Tabora mara mbili na kurudi na miwani ya jua na habari za kutosha kuendesha redio. Tulikuwa tumekaa gatini tukisubiri magunia ya dagaa.

"Kule wanaendesha kushoto," akasema, "kwa hiyo kushoto ndio mkono wa heshima barabarani. Mwalimu wa udereva, trafiki, nani, unampa kwa kushoto, unapokea kwa kushoto. Ukitoa kulia tu wanajua huyu kichwa chake bado kiko Kongo. Leseni utaisubiri mpaka ndevu ziote mvi."

"Na wenyeji wenyewe?"

"Wenyeji wana haja gani ya kujipendekeza? Wamezaliwa kushoto. Utawaona wanatumia kulia kama kawaida, usidanganyike. Anayepimwa ni wewe mgeni."

Mtu ambaye hakusoma angecheka. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilimaliza sekondari kwa masomo ya usiku, nikiwa na umri wa kumzaa mwalimu wa hesabu, na shule ile ilinifundisha kwamba kila jambo lina sababu yake. Maneno ya utingo yalikuwa na sababu kila upande. Nikayafunga pamoja na nguo, nikavuka nayo.

Huku nikaoa Mnyamwezi. Tulikutana Kigoma, tukaoana, tukahamia kwao Usinge, kule kwenye misitu ambako nyuki ni wengi kuliko nyota, na wakali kuliko mawifi. Baba mkwe alikuwa mmoja wa wafuga nyuki waliojiunga kikundi, wakanunua Canter kuukuu ya kupeleka asali Tabora mjini. Walihitaji dereva. Baba mkwe ni mtu wa maneno matano kwa wiki, na siku ya kikao aliyatumia yote kwa mkupuo: "Mkwe wangu ataendesha hilo gari." Wenzake wakakubali kwa sharti moja tu, leseni iwe mkononi kabla msimu wa kurina asali haujaanza. Nikamwacha mke kwao, nikapanda basi kwenda mjini kujifunza. Kazi ilikuwa yangu, na jina la baba mkwe lilikuwa limekaa juu yake.

Kuendesha kwenyewe nilikuwa nakujua. Nilishika lori la mjomba miaka mitatu. Lakini kwetu, ingawa sheria inasema kulia, barabara haina kulia wala kushoto. Ina shimo na pasipo na shimo, na dereva anachagua. Hapa ilibidi nianze upya kama mtoto anayetambaa, kwa leseni ya kujifunzia na kibao chekundu mbele na nyuma ya gari.

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa mjini, wa zile familia za Kiislamu zilizokaa Tabora tangu enzi za misafara. Babu yake alikuwa fundi wa milango, naye mwenyewe aliendesha malori ya kwenda Kigoma miaka ishirini, njia ile ile waliyopita wapagazi kwa miguu. Sasa alikuwa na chuo kidogo uani kwake, benchi moja, meza moja, na Corolla yenye pedali za breki mbele ya viti vyote viwili. Kofia yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba vumbi lilikuwa linaikwepa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Leta karatasi zako."

Nikazitoa kwa mkono wa kushoto, nimeunyoosha vizuri, kama mtu anayetoa zawadi ya harusi. Aliutazama mkono, akanitazama mimi, akarudi kuutazama mkono.

"Weka hapo mezani," akasema.

Nikaweka. Moyoni nikajipongeza. Nilidhani ameshajua kwamba mimi si mgeni wa kubabaisha.

Wiki ya kwanza ilinikondesha. Magari niliyozoea, kijiti cha indiketa kiko kushoto mwa usukani. Hapa indiketa iko kulia, na kushoto kuna waipa. Kila kona niliyokata nilifuta kioo. Ilikuwa kiangazi, mchanga wa Tabora umelala juu ya kila kitu, na waipa zilikwangua kioo kikavu kwa sauti ya kuamsha maiti.

"Mvua inanyesha wapi?" mwalimu akauliza.

"Samahani mwalimu."

"Nauliza tu. Nijue nikaanue nguo."

Kwenye kipilefti ndiko nilikotaka kutuua. Niliingia kwa kulia, nikakutana uso kwa uso na lori la tumbaku lililokuwa refu kama treni ya Kigoma. Mwalimu alikanyaga breki yake, gari likasimama huku pua yake ikinusa bampa la lori. Dereva wa lori alitoa kichwa, akamtazama mwalimu wangu kwa huruma, akakirudisha.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" mwalimu akaniuliza taratibu.

"Uliniambia barabara ya Urambo, mwalimu."

"Urambo watu wanakwenda wakiwa hai."

Mpaka hapo alikuwa bado ananitania, na mtu anayekutania hajakukatia tamaa. Mimi nami niliongeza bidii upande wa mkono. Chaki alipoiomba, kushoto. Chenji ya maji ya kunywa, kushoto. Kikombe cha kahawa aliponisogezea, nilikipokea kwa kushoto. Kila nilipoanza kutilia shaka habari za utingo, niliingia garini, nikashika gia, na gia yenyewe ilikuwa upande wa kushoto. Nilitaka ushahidi gani tena?

Tulikuwa wanafunzi wawili saa zile za asubuhi. Mwenzangu alikuwa mama mkulima wa nyanya kutoka Kipalapala, mtu wa mwili na maneno, aliyenunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kabla hajajua kukiwasha. Kwa kuwa nilioa Mnyamwezi mwenzake, aliniita shemeji toka siku ya kwanza na hakuniacha nipumue.

"Shemeji, kwenu kuna barabara kweli au mnaendesha mitoni?"

"Mitoni tunaendesha Jumapili."

"Ndiyo maana unawasha waipa."

Yeye siku ya kurudi rivasi aliingia kwenye banda la kuku la mwalimu, akavunja mlango, kuku wakahamia mtaa wa pili. Wiki ya nne mwalimu alimsainia fomu ya kwenda kwenye mtihani wa trafiki. Mimi sikusainiwa.

"Mwalimu, na yangu?"

"Bado."

"Bado nini, mwalimu? Kona nakata. Rivasi narudi. Waipa nimeziacha."

"Bado."

Mzee alikuwa na desturi moja: mwanafunzi akisainiwa, Ijumaa inayofuata baada ya sala wote wanakula nyumbani kwake. Mama wa Kipalapala aliingia ndani kula na mke wa mwalimu. Mimi nilikaa barazani na mwalimu na rafiki zake wawili, madereva wastaafu, tukizunguka sinia la pilau. Tukanawa. Nilijiuliza kidogo kama sinia nalo ni jambo la magari. Nikaamua kwamba alipo mwalimu wa udereva, hapo ni barabarani. Nikatia mkono wa kushoto.

Mwalimu aliutoa wake. Akafuata rafiki yake wa kwanza, akasema Alhamdulillahi, ameshiba. Wa pili naye akashiba, na pilau ilikuwa bado mlima. Nikafikiri hii ni heshima kubwa, wananiachia mgeni. Nikala pilau ya watu wanne mpaka punje ya mwisho, nikilamba vidole vya kushoto, huku wazee watatu wakitazama barabarani.

Tangu siku ile utani uliisha. Mwalimu alinipeleka njia ya Kipalapala akinionyesha kwa kidole: kata, simama, rudi. Alikuwa hasemi. Mimi kila asubuhi nilikaa kwenye usukani na kuendesha bila kosa, nikarudi uani, nikaomba saini, nikaambiwa bado. Nilihesabu kwenye kichwa changu kona zote za Tabora, nikaona nimezikata kila moja mara elfu. Niliendesha vizuri kiasi kwamba baiskeli zilikuwa zinanipisha kwa mapenzi. Bado. Nilifika kabla yake nikafagia uwanja. Bado. Niliosha Corolla hadi kibao chekundu kikapauka. Bado. Kuna neno fupi linalochosha kuliko hilo?

Mke wangu alipiga simu katikati ya wiki.

"Asali haisubiri," akasema.

"Najua."

"Baba ameulizwa tena kwenye kikao. Amenyamaza. Unajua baba akinyamaza mbele ya watu anavyoumia?"

"Wiki hii napata."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo. Kuna mtu wa Usoke amekuja, ana leseni yake, ameomba ufunguo. Wamempa baba mpaka Jumatatu."

Nikafanya nilichojua kufanya. Mkono wa kulia niliuficha mfukoni kabisa, usije ukanisaliti. Asubuhi nilimwamkia mwalimu, nikampa mkono wa kushoto aushike. Hakuushika. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia kioo, akaendelea kufuta mahali palipokuwa safi.

Jumatatu nikamkabili.

"Mwalimu, niambie kosa langu. Nalirekebisha sasa hivi, hapa hapa."

"Gari unaliendesha," akasema. "Hata usiku wa manane ungelifikisha Kigoma."

"Basi nisainie, niwaambie nimeruhusiwa kwenda kwenye mtihani. Leo ndiyo siku ya mwisho. Nina kazi Usinge, na baba mkwe wangu amesimama mbele ya watu kwa ajili yangu."

Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya boneti.

"Nikisaini karatasi ile," akasema, "nasema mtu huyu namjua. Mimi wewe sikujui."

Akaingia ndani. Nilibaki uani na kuku waliorudi.

Jioni simu ikaja. "Canter imeondoka," mke wangu akasema.

"Na nani?"

"Yule wa Usoke. Ufunguo amempa baba mwenyewe."

"Baba amesema nini?"

"Hajasema."

Nimezoea kutia chumvi, wasomaji wangu wameshanijua, lakini hapo sina cha kuongeza. Nilikaa kitandani na viatu miguuni. Wiki sita za kiangazi, na mzee wa maneno matano hakuwa na hata moja la kutumia.

Asubuhi nilikwenda chuoni kuchukua karatasi zangu. Nilikuwa nimeamua kurudi Usinge kulima, au kurudi ng'ambo ya ziwa kupakua dagaa, lolote lisilo na usukani. Kirikuu cha mama wa Kipalapala kilikuwa kimeegeshwa nje, kimenyooka. Leseni alikuwa ameshapata, na alimletea mwalimu tenga la nyanya la shukrani. Mwalimu alinitolea karatasi zangu mezani bila mimi kusema. Nikanyoosha mkono wa kushoto nizipokee. Aliziweka juu ya benchi, karibu na mkono wangu ila si mkononi, akaenda zake. Nikaziokota kwa mkono ule ule.

Mama aliona. Alinivuta kwenye kivuli cha kirikuu.

"Shemeji, wewe ni mashoto?"

"Hapana."

"Basi kwenu Kongo ndivyo mnavyofanya?"

"Kwetu? Kwetu ukimpa mkubwa kitu kwa kushoto unachapwa."

"Sasa huyu mzee umemfanyia hivyo wiki sita kwa nini?"

Nikamwambia yote: utingo, gati, miwani ya jua, mkono wa heshima barabarani. Nilimweleza na habari ya gia. Nilingoja acheke, maana yeye hucheka hata kuku akikohoa. Hakucheka.

"Mimi na mke wake tulikutetea," akasema. "Tulimwambia ni desturi ya kwao, mvumilie. Akasema Wakongo amewabeba kwenye lori miaka ishirini, hajaona hata mmoja anayepokea kahawa hivyo. Akasema huyu ananidharau, na amekuja kunidharau kwenye sinia langu."

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie nini? Mtu mwenye mke afundishwe mkono wa kupokelea?"

Nilitazama mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa bado umeshika karatasi.

"Trafiki hatazami mkono, shemeji," akasema. "Anatazama kama umesimama kwenye alama. Na hapa kitu kinatolewa kwa kulia, kama huko kwenu. Kushoto ni magari tu."